Jina la Kuazima

Kwa karibu miaka sabini mji wa Kisangani uliitwa kwa jina la mtu ambaye mwenyewe hakuzaliwa nalo. Wabelgiji waliandika Stanleyville kwenye ramani na kwenye mihuri ya posta, na katika mazungumzo wakalikata likabaki Stan tu, kama walivyoikata Léopoldville ikawa Léo. Wenyeji waliendelea na yao, Boyoma na Kisangani, na hatimaye hayo ndiyo yaliyoshinda. Lakini jina lililoshindwa nalo lina safari yake. Lilianza katika uwanda wenye mawe wa Uingereza ya kale, likapitia nyumba ya maskini huko Wales na maghala ya pamba ya New Orleans, ndipo likafika kwenye maporomoko ya Waenya.

Mtoto alizaliwa mjini Denbigh, Wales, tarehe 28 Januari 1841. Mama yake, Elizabeth Parry, hakuwa ameolewa, na katika kitabu cha ubatizo mtoto akaandikwa John Rowlands, na pembeni likaongezwa neno la kumtambulisha kuwa mwana wa haramu. Rowlands lilikuwa jina la mwanamume aliyesemekana kuwa baba. Nalo ni jina lenye asili katika ule ukoo wa lugha uliozaa Kijerumani, Kiholanzi, Kiflemi, Kiingereza na Kiswidi: hrod ni sifa, land ni nchi. Wanormani walilivusha bahari wakalileta Uingereza, kisha Wawales wakalipokea kwa desturi yao. Zamani Mwales alitaja baba yake kwa kutanguliza neno ap, kama mtu wa pwani anavyosema bin. Makarani wa Kiingereza wakaliondoa ap na kutia s mwishoni. John Rowlands, basi, ni John bin Rowland. Jina zima linatangaza baba, na baba huyo hakuwahi kumlea.

Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, jamaa zake walimpeleka St Asaph, kwenye nyumba ya umma ambamo maskini walilishwa kwa kufanyishwa kazi. Alitoka humo mwaka 1856. Miaka michache baadaye alipata kazi kwenye meli iliyokwenda New Orleans, akatoroka bandarini, na hapo ndipo hadithi inapoingia giza, kwa sababu msimulizi wake mkuu ni yeye mwenyewe.

Kwa masimulizi yake, alimkuta mfanyabiashara wa pamba ameketi nje ya duka, akaomba kazi, akapendwa, akalelewa, hata akapewa jina la mzee huyo kama mwana hupewa la baba. Mzee aliitwa Henry Hope Stanley. Mtu huyo kweli aliishi New Orleans. Tatizo ni kwamba katika tawasifu yake kijana anamfisha mlezi wake mwaka 1861, ilhali mzee yule alikufa mwaka 1878, wakati aliyejiita mwanawe alikuwa ameshavuka Afrika kutoka pwani hadi pwani. Watafiti wa maisha yake wamechimba sana jambo hili, na wengi wanaona kwamba ule upendo wa mlezi ni wa kutungwa. Sensa ya Marekani ya 1860 inamwonyesha huko Arkansas akijiita William Henry Stanley. Jina la katikati nalo alilijaribu kama mtu ajaribuye kofia dukani: Morley, Morelake, Moreland, hadi akatulia kwenye Morton.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii ilisitiri sana. Nadhani hata ingekuwa ya wizi kabisa, mtoto aliyeandikwa vile kwenye kitabu cha kanisa angekuwa na haki ya kuivaa.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Stanley ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale. La kwanza, stān, ni jiwe. La pili, lēah, ni mahali palipo wazi katikati ya msitu, pa kulishia mifugo au kujenga. Ndugu zake wako Ubelgiji kwenyewe: jiwe kwa Kiflemi ni steen, na kile kipande loo katika Waterloo, mahali Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, kina shina moja na ley ya Stanley. Kwa hiyo karani wa Kiflemi aliyegonga muhuri wa Stanleyville alikuwa akitumia, bila kufikiri, maneno ya babu zake. Ukilitafutia jina hili mwenzake katika Kiswahili, la karibu kabisa ni Maweni. Tunazo Maweni zetu, Tanga na Kigoma, na Kigoma ni jirani wa Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone. Bwana Henry Maweni.

Uingereza ina vijiji vingi vyenye jina hilo, maana mawe na misitu havikuwa haba, na mtu aliyehama kijiji chake aliitwa kwa alikotoka. Ndiyo sababu jina likaenea kwa watu wasio na damu moja. Ukoo mmoja tu kati yao ndio uliopanda juu sana: mwaka 1485 Thomas Stanley alifanywa Bwana wa Derby, na kizazi chake kikaendelea kutoa mawaziri na magavana. Mji wa Port Stanley katika visiwa vya Falkland umepewa jina la mmoja wao, na kombe ambalo timu za magongo ya barafuni hugombea Marekani na Kanada lilitolewa na mwingine mwaka 1892. Hawahusiani kabisa na wa kwetu. Lakini kijana aliyetaka kuficha nyumba ya maskini asingepata vazi bora: jina ambalo kila Mwingereza alilisikia akafikiria mabwana.

Tarehe 17 Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kuvuka Afrika. Alikuwa na Waingereza watatu, Frank na Edward Pocock pamoja na Frederick Barker, ambao wote hawakurudi. Alikuwa na mashua ya vipande, Lady Alice, iliyobebwa mabegani. Na alikuwa na Wangwana wa Zanzibar, watu wa safari, ambao bila wao asingefika popote. Oktoba 1876, katika nchi ya Manyema, akakutana na mtu mwingine mwenye jina la kupewa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alijulikana kote bara kama Tippu Tip. Mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliozikimbia, wengine walisema ni kwa ajili ya macho yake yaliyopepesa. Wakapatana bei ya kusindikizwa. Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, ukashuka Lualaba pamoja, na mwisho wa Desemba Tippu Tip akageuka nyuma.

Januari 1877 Stanley akafika kwenye maporomoko. Ni saba, yamesambaa kwa kadiri ya kilomita mia moja, toka Ubundu hadi Kisangani, na kwa kila moja mitumbwi ilibidi iburutwe nchi kavu, kwenye njia iliyokatwa kwa mashoka, huku vita vikiendelea kando. Baada ya la saba mto unatulia, unapinda magharibi, na unapitika kwa meli hadi Kinshasa. Aliporudi Ulaya na kuchapisha ramani yake, maporomoko hayo yaliandikwa Stanley Falls. Kulikuwa na tabia ya kutawanya majina katika safari ile: poromoko moja la chini ya mto likapewa jina la Kalulu, mvulana aliyezama hapo Machi 1877. Kalulu naye hakuzaliwa Kalulu. Alipokabidhiwa kwa Stanley kama mtumwa mdogo, aliitwa Ndugu M'Hali.

Waliokuwa na mahali hapo ni Waenya. Jina lao nalo limepata yake: Stanley aliandika Wenya, na kwa kupita vinywani mwa Wangwana na kalamuni mwa Wabelgiji likawa Wagenia, ndivyo linavyosomeka mpaka sasa kwenye vitabu vya wageni. Lakini ustadi wao haukubadilishwa na mtu. Hushindilia magogo marefu katika matundu ya miamba, katikati ya maji yanayochemka, wakayafunga kwa kamba za msituni bila msumari hata mmoja, kisha wakatundika migono mikubwa yenye umbo la pia. Maji yakishuka kwa nguvu, samaki huingia na nguvu ile ile humzuia kutoka. Mtu anayetembea juu ya miti ile kwa miguu mitupu hufanya mgeni ashike roho yake.

Stanley alirudi hapo tarehe 1 Desemba 1883, safari hii akiwa mtumishi wa mfalme Leopold II. Alipata kisiwa, Wana Rusari, akajenga kituo na kumwachia Mskoti mmoja, fundi wa mitambo aliyeitwa Andrew Binnie, kisha akaondoka. Huo ndio mwanzo wa mji wa kikoloni: Mskoti mmoja kisiwani, amezungukwa na Waenya upande huu na watu wa Tippu Tip upande ule. Agosti 1886 kituo kilishambuliwa na kuteketea. Mkuu wake, Mwingereza Walter Deane, alitorokea msituni, na mwenzake Mbelgiji Dubois akazama mtoni. Leopold hakuwa na jeshi la kutosha kulipiza. Stanley akaenda Zanzibar, na tarehe 24 Februari 1887 Tippu Tip akatia sahihi mkataba wa kuwa vali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni thelathini kwa mwezi. Mwenye bunduki za Tip-tip akawa karani wa Bwana Maweni. Tippu Tip aliieleza biashara hii katika masimulizi ya maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili.

Na Kiswahili ndicho kilichobaki. Kingwana, lugha ya wale wabeba mizigo na wafanyabiashara, bado kinazungumzwa Kisangani, bega kwa bega na Lingala iliyopanda mto na meli za serikali. Nani angekisia kwamba wabeba mashua wangeacha alama ya kudumu kuliko mwenye mashua?

Mwaka 1890 maporomoko yalipata mgeni mwingine mwenye jina la kubadilisha. Józef Teodor Konrad Korzeniowski, baharia kutoka Poland, alifika mwanzoni mwa Septemba ndani ya meli ndogo Roi des Belges. Nahodha wake aliitwa Koch, jina ambalo kwa Kijerumani ni mpishi. Hapo kituoni walimpakia mgonjwa, wakala wa kampuni ya pembe za ndovu, Mfaransa wa miaka 27, Georges Antoine Klein. Alikuwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa mtoni tarehe 21 Septemba. Klein ni neno la Kijerumani lenye maana ya mdogo, na ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea sana Ujerumani, Luxembourg na Alsace. Asili yake ni wepesi mtupu: kijiji chenye watu wawili waitwao Hans, mmoja mrefu na mmoja mfupi, kingewatofautisha vipi?

Baharia yule baadaye aliacha bahari, akawa mwandishi wa Kiingereza kwa jina la Joseph Conrad. Alipoandika riwaya yake ya Kongo, iliyotoka mwaka 1899, katika mswada wa kwanza mtu aliye mwisho wa mto aliitwa Klein. Akakata, akaandika Kurtz. Kurz kwa Kijerumani ni fupi. Alimbadilisha Bwana Mdogo akawa Bwana Mfupi, na ndani ya riwaya msimulizi anaona kichekesho hicho, kwa kuwa mgonjwa anayebebwa mbele yake anaonekana mrefu mno. Wataalamu wamejaza maktaba wakibishana Kurtz ni nani hasa. Kijana Klein wa kweli hatumjui kwa ukatili wala kwa ufasaha. Tunajua aliugua, akapakiwa, akazikwa njiani. Hakulichagua jina lake, na hakuchagua matumizi yake.

Turudi kwenye ramani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kituo cha Stanley Falls kikawa Stanleyville: nusu Kiingereza cha kale, nusu Kifaransa, katika nchi inayosema Kingwana. Miji mingine ikafuata mkondo huo huo. Léopoldville ilibeba jina linalotokana na maneno ya kale ya watu na ujasiri. Albertville, leo Kalemie, ilibeba utukufu na mng'ao. Bukavu ilipata kuwa Costermansville, na Costermans kwa Kiflemi ni mtu wa mtunza kanisa. Reli iliyozunguka maporomoko saba ilikwenda hadi Ponthierville, yaani Ubundu. Ungesoma ramani ya Kongo ya 1940 ungedhani ni daftari la ubatizo la parokia moja ya Ubelgiji.

Kama jina la mtu, Stanley lilifanya vizuri zaidi kuliko lilivyofanya kama jina la mji. Umaarufu wa msafiri ulilisukuma litoke kwenye ukoo na kuwa jina la kwanza la watoto, Uingereza na Marekani, kisha likaingia Afrika kwa mlango wa ubatizo. Huko Kenya, mmoja wa majenerali wa Mau Mau waliopigana na Waingereza msituni aliitwa Stanley Mathenge.

Stanleyville iliingia vinywani mwa dunia kwa siasa. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapo; hapo alikamatwa mwaka 1959 baada ya mkutano wa chama chake na ghasia zilizofuata; na hapo Antoine Gizenga aliweka serikali yake Desemba 1960. Agosti 1964 waasi walioitwa Wasimba waliuteka mji, Septemba Christophe Gbenye akatangaza Jamhuri ya Watu, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji wakashuka kutoka ndege za Kimarekani. Damu iliyomwagika siku zile, kabla na baada, ya wageni na zaidi sana ya Wakongo, iliandikwa magazetini kote ulimwenguni chini ya neno hilo moja, Stanleyville.

Mwaka 1966 Rais Mobutu alifuta majina ya kikoloni ya miji: Kinshasa, Lubumbashi, Mbandaka, Kisangani. Sanamu ya Stanley iliyosimama kwenye kilima juu ya Kinshasa iliangushwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata lile ziwa la mto lililoitwa Stanley Pool likawa Pool Malebo. Kisha zamu ikafika kwa watu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, na Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Kanuni ya Familia ya 1987 ikaagiza majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi. Ndiyo maana hadi leo fomu ya Kongo ina safu tatu, nom, postnom na prénom, ambayo humchanganya karani wa ubalozi wa Ulaya asiyejua kipi ni cha ukoo. Baada ya 1990 majina ya kanisani yalirudi polepole. Hakuna sasa kinachomzuia mtoto wa Mangobo au Kabondo kuitwa Stanley, ili mradi nom na postnom vimetangulia.

Kisangani lenyewe hufasiriwa kuwa penye kisiwa, na husemwa kuwa Boyoma lina maana hiyo hiyo. Waenya wa visiwani wanatosha kuwa ushahidi. Msomaji wa Mombasa au Unguja, ambaye kwake kisanga ni mkasa, atalisikia vingine. Anisamehe mwenyeji, lakini mtu aliyeishi hapo siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana mitaani kwa mizinga katika mji usio wa yeyote kati yao, asingecheka tafsiri hiyo.

Liko jina jingine la Stanley, ambalo sijaligusa. Mwaka 1879 na 1880, chini kabisa ya mto, Stanley alikuwa akifungua njia kutoka Vivi kupita magenge ya mawe. Alichukua nyundo kubwa kuwaonyesha vibarua jinsi ya kupasua mwamba, na waliokuwa wakitazama wakamwita kwa Kikongo: bula, vunja, matadi, mawe. Bula Matari. Hawakujua Kiingereza cha kale. Hawakujua kwamba jina alilojibandika lilikuwa tayari la mawe. Walitazama kazi ya mikono yake tu, wakafika palepale.

Jina hilo lilimtoka yeye likamwangukia mwajiri wake. Kila ofisa aliyekuja kudai mpira, kodi au vibarua akawa Bula Matari, na dola lote likaitwa hivyo, chini ya Leopold na chini ya Wabelgiji waliomfuata. Stanleyville ilifutwa kwa amri ya siku moja, lakini hakukuwa na bango la Bula Matari la kung'oa. Katika Lingala mbula-matari bado ni serikali: yule anayekuja na karatasi.

Stanley alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alikuwa ameomba kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone, na akakataliwa. Mkewe, Dorothy, akamzika kijijini Pirbright, Surrey, na akataka kaburi liwekewe jiwe la asili, lisilochongwa, lililopigwa na mvua za miaka. Wakatafuta huku na huku hadi wakalipata katika nyika za Dartmoor, mwamba mkubwa kabisa, wakausimamisha. Ukisoma kutoka juu, utaona Henry Morton Stanley. Chini yake, kwa herufi zilizochimbwa mwambani, Bula Matari. Kisha miaka, 1841 hadi 1904, na neno moja la mwisho, Africa. John Rowlands hayumo.